Balo la Mwisho

(Maneno niliyowaambia Waswahili wenzangu wa Dallas kwenye mkutano wetu wa Jumamosi. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa kuja, na vicheko nimeviacha ukumbini.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu wa Mombasa na Bukavu, wa Tanga na Bujumbura, habari za jioni. Mwenyekiti amenipa nusu saa na kunionyesha saa yake ya mkononi, kwa hiyo salamu zilizobaki tutapeana kwenye pilau.

Kuna watu wamekuwa wakinikodolea macho tangu niingie. Wamesikia kwamba mimi ni fundi wa bunduki. Ni kweli. Miaka mingi sasa nafanya kazi chumba cha nyuma katika duka moja la silaha hapa Texas: nasafisha, narekebisha, nabadilisha springi. Siku nilipompigia marehemu mama yangu kumweleza nimepata kazi gani, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Teksi zimekwisha huko?"

Mama alikuwa muuza mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa. Nimekulia chini ya meza yake. Wale wa Nairobi na Mombasa wanajua tunavyosema: balo likikatwa kamba asubuhi, zile nguo safi za kuchaguliwa kwanza, zisizo na doa wala kifungo kilichong'oka, tunaziita kamera. Zinazobaki jioni zimetandazwa chini, bei ya kutupa, ni fagia. Ndugu zangu wa Karume pale Ilala mna maneno yenu, lakini biashara ni ile ile. Nami nilipofika kwenye duka hili niligundua nimerudi Kongowea. Tofauti ni kwamba mtumba wenyewe ni wa chuma.

Maana majeshi nayo yana kabati. Jeshi likinunua bastola mpya, za zamani zinapakwa grisi, zinafungwa kwenye masanduku na kukaa bohari miaka 30, 40, hata 60. Ikifika siku serikali inataka nafasi au inataka pesa, inauza kwa jumla. Kwa muda mrefu mnunuzi mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Marekani, na mteja wake ni mtu wa kawaida: mwalimu mstaafu, dereva wa lori, mzee anayependa historia ya vita na anayetaka kushika kitu kilichoshikwa na askari wa kweli.

Wateja hao sasa wananiuliza swali moja kila wiki. Mbona bei imepanda hivi? Bastola ya Nagant ya Urusi niliyoinunua kwa chini ya dola 100 leo mnaniambia 400? Makarov ya Bulgaria ilikuwa haifiki 200, leo 500, 600? Wanauliza kwa hasira, kama kwamba mimi ndiye niliyeificha. Na jibu langu siku zote ni hili, hawalipendi: ughali huu si wa kushangaza. Kilichokuwa cha kushangaza ni ule urahisi.

Nitawaeleza, lakini kwanza niwaonyeshe balo lenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa mgeni pale dukani. Bosi akaniita, akanipa nyundo ya kung'olea misumari, akaniambia fungua hilo. Sanduku la mbao, rangi ya kijani iliyopauka, maandishi ya Kirusi ubavuni. Ndani bastola za Nagant, moja moja zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na zote zimezama kwenye grisi nzito ya kahawia, ile inayonata kama asali iliyochacha. Kila moja na mkoba wake wa kiunoni, na kijiti chake cha kusafishia. Kazi yangu ilikuwa kuzitundika nje kwenye jua, ndani ya mifuko myeusi ya taka. Jua la Texas mwezi wa Agosti halina mchezo. Kufika saa nane mchana grisi imeyeyuka, imejaa chini ya mfuko, na chuma kinatoka kikiwa cheusi, kinang'aa, kama kimetoka kiwandani jana. Nikafuta moja kwa kitambaa. Muhuri wa kiwanda, na mwaka: 1943.

Hiyo Nagant ni kitu cha ajabu, niruhusuni dakika moja. Mbelgiji mmoja, Léon Nagant wa mji wa Liège, aliibuni, Warusi wakaichukua mwaka 1895. Inabeba risasi saba badala ya sita. Ukivuta nyundo yake nyuma, silinda haizunguki tu, inasogea mbele na kubana kwenye mtutu, moshi usivuje pembeni. Uhandisi wa hali ya juu, lakini triga yake ni nzito mno! Mtu mzima anaikunja kidole mpaka mkono unatetemeka. Ndiyo maana zilikuwa fagia. Tuliziweka kwenye ndoo karibu na mlango, kweli, ndoo ya plastiki, na mtu aliyekuja kununua risasi za kuwindia alichomoa moja kama anayeokota ndizi. Dola 89.

Sasa basi. Ilikuwaje bunduki ya vita ikauzwa kwa bei ya viatu?

Turudi nyuma kidogo, na hatuhitaji kwenda mbali na ukumbi huu. Novemba 1963, Rais Kennedy aliuawa hapa hapa Dallas. Bunduki aliyoitumia muuaji, Lee Harvey Oswald, ilikuwa mtumba wa jeshi la Italia, aina ya Carcano, aliyoiagiza kwa posta kutoka Chicago kwa dola 19.95 bila nauli. Hiyo wengi mnaijua. Ile wasiyoisema sana ni bastola. Siku hiyo hiyo, upande wa Oak Cliff, Oswald alimuua polisi kwa bastola ya Smith & Wesson ambayo Marekani iliitengeneza wakati wa vita kwa ajili ya Waingereza, ikavuka bahari, ikatumika, ikarudi Marekani kama mtumba, ikakatwa mtutu, ikauzwa kwa posta kwa dola 29.95. Bastola iliyokwenda Uingereza kupigana na Hitler ikarudi kumuua polisi wa Dallas.

Baada ya hapo, na baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, Bunge likapitisha sheria ya Oktoba 1968. Sheria hiyo ilikataza kuuziana bunduki kwa posta baina ya majimbo, na ikafunga mlango wa silaha za ziada za majeshi kuingia kutoka nje. Mlango ukakaa umefungwa hivyo miaka 16. Mwaka 1984 ukafunguliwa nusu: silaha za kale zenye thamani kwa wakusanyaji, kwa kawaida zilizotimiza miaka 50, zikaruhusiwa kuingia. Mkusanyaji anaweza kupata leseni yake maalumu, dola 30 kwa miaka mitatu. Hata hivyo bastola ilibaki na mtihani wake: ikiwa fupi mno inakataliwa, ikikosa kitufe cha usalama inakataliwa. Tokarev ya Warusi haikuwahi kuwa na kitufe hicho. Kwa hiyo kila Tokarev iliyoingia ilitobolewa na kuwekewa kidude cha usalama ambacho askari wa Stalin hakukijua. Mimi mwenyewe huwa nakitazama kile kidude, kimekaa pale kama kifungo cha plastiki kwenye kanzu ya hariri.

Halafu likaja lile ambalo hakuna mfanyabiashara aliyelitarajia. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, Mkataba wa Warsaw, ule muungano wa kijeshi wa Wasovieti na washirika wao, ukavunjwa 1991. Nchi nzima nzima za Ulaya Mashariki zikajikuta na mabohari yaliyoshiba silaha za kupigana vita ambavyo havikuja, na hazina zisizo na hata senti. Kisha Poland, Cheki na Hungaria zikaingia NATO mwaka 1999, Bulgaria na Romania zikafuata 2004. Na NATO ina kipimo chake cha risasi ya bastola. Makarov inatumia risasi ya Kisovieti iliyo fupi zaidi, haziingiliani. Siku unayobadilisha kipimo cha risasi, bastola zako zote zinageuka mtumba kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo soko lilipofurika. Makarov za Bulgaria, P-64 za Poland, Tokarev za Romania, CZ-52 za Chekoslovakia, ambazo zilitengenezwa miaka miwili mitatu tu, karibu laki mbili, kisha zikawekwa. Balo juu ya balo. Mteja akazoea. Kijana aliyeanza kukusanya mwaka 2000 alidhani bei ile ni ya maumbile, kama bei ya maji ya mvua. Hakujua kwamba alikuwa akinunua kwenye mnada wa himaya iliyokufa, na himaya kubwa kama ile haifi kila baada ya miaka mitano.

Msinicheke, maana hata mimi niliyelelewa Kongowea sikulijua. Mwaka 2012 kodi ya nyumba ilinibana, nikauza CZ-52 yangu. Nilipata dola 180, nikafurahi, nikasema nitanunua nyingine mwezi ujao. Mwezi ujao huo bado naungoja. Mama angenizaba kofi. Alikuwa akisema, kamera usiiuze asubuhi.

Sitawachosha na kila kilichopunguza mzigo, lakini mengine ni lazima niyataje. Mwaka 1994 Rais Clinton alizuia silaha kutoka China. Mwaka 1996 Marekani na Urusi zikakubaliana orodha ya aina zinazoruhusiwa, zisizo kwenye orodha zikabaki kwao. Mwaka 2021 risasi za Urusi nazo zikapigwa marufuku, na bastola isiyo na risasi rahisi haina raha, hata uinunue kwa bei gani. Mwaka 2020 wa korona Wamarekani walikimbilia maduka ya bunduki kiasi kwamba maombi ya ukaguzi wa wanunuzi yalikaribia milioni 40. Sisi pale rafu zilibaki mbao tupu. Watu walinunua hata zile za kwenye ndoo. Halafu Februari 2022 vita vikaingia Ukraine, na nchi zenye bohari za Kisovieti zikawa na jirani anayezihitaji kuliko mzee wa Texas.

Na kuna moto.

Nchi nyingi siku hizi haziuzi, zinayeyusha. Umoja wa Mataifa ulipitisha mpango wake wa kupambana na silaha ndogo ndogo mwaka 2001, na tangu hapo kuchoma silaha za ziada kumekuwa jambo la heshima. Nasi kwetu tuna Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Novemba 2016 Kenya ilichoma silaha 5,250 pale Ngong, zilizonyakuliwa na kusalimishwa. Nilitazama picha zake kwenye simu wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya sanduku. Mwenzangu Mmarekani akachungulia, akashika kichwa: "Jamani, historia yote hiyo inaungua!" Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo unayoiita historia mimi nina ndugu walioikimbia. Mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda kwa sababu ya wezi wa mifugo wenye bunduki haulizi kama ni ya mwaka gani. Sikuulilia moto ule na siulilii leo. Lakini niwe mkweli mbele yenu: kama katika rundo lile palikuwa na Webley ya zamani ya enzi ya mkoloni, mkono wangu wa fundi ungetamani kuichomoa kabla ya kiberiti. Moyo wa mtu hauna saini moja.

Mtauliza, na Marekani yenyewe je, jeshi lake halina mtumba? Linao. Na hapa kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Jeshi la Marekani lilitumia bastola ya risasi ya inchi .45 tangu mwaka 1911 hadi 1985, bastola ya Beretta ilipochukua nafasi yake. Miaka ya mwanzo ya sitini, mwanachama wa chama cha walenga shabaha aliweza kuipata kutoka serikalini kwa dola 17. Kumi na saba! Baadaye mlango ukafungwa, na bastola kama laki moja zikabaki ghalani Anniston, Alabama. Bunge likaja kuruhusu ziuzwe kwa raia kupitia CMP, shirika linalofundisha raia kulenga shabaha, zisizozidi 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 mauzo yakaanza. Zilipangwa kwa madaraja kama nguo za Kongowea: mwanzoni daraja la juu lilikuwa dola 1,050, la kati 950, la chini 850. Ulituma fomu zako kwa posta, kompyuta ikakupa namba ya bahati nasibu, ukangoja simu. Nina mteja alipata namba ya mbali sana, akawa anaingia dukani na kuniambia namba yake badala ya habari za asubuhi.

Lakini ninayotaka kuwaambia ni ya Singer. Ndiyo, Singer, cherehani. Wakati wa Vita vya Pili serikali iliomba viwanda vya kila aina vijaribu kutengeneza bastola hiyo. Remington Rand, watu wa mashine za kuchapia, walitengeneza karibu laki tisa. Singer walitengeneza 500 tu, mwaka 1941, kisha wakapewa kazi nyingine za vita. Mia tano! Leo Singer moja nzuri ikifika mnadani inavuka dola laki moja. Mama yangu alikuwa na Singer ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, herufi za dhahabu zimefutika nusu, ndiyo aliyoshonea vifungo vilivyong'oka kwenye mitumba yake. Nilimwambia kwenye simu kwamba waliotengeneza cherehani yake walitengeneza pia bastola, na kwamba moja inaweza kununua nyumba Nyali. Akacheka, akasema, "Basi chunguza vizuri hii yangu, huenda inapiga."

Watu wananiuliza kama Beretta za jeshi, zilizobadilishwa na bastola ya SIG, zitauzwa vivyo hivyo. Sheria ile ilitaja bastola ya .45 kwa jina. Anayewaahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

Na viwanda vimeshanusa. Kampuni ya FN ya Ubelgiji iliacha kutengeneza bastola yake ya Hi-Power baada ya miaka zaidi ya 80, na kabla ya miaka mitano kupita wengine wakawa wanatoa nakala zake mpya, kisha FN wenyewe wakarudi na ya kwao. Mtumba ukiadimika, fundi cherehani anashona mtindo ule ule kwa kitambaa kipya. Nakala nzuri, sizidharau, ila mwenye kutaka mkwaruzo wa mkanda wa askari wa kweli hataupata dukani. Kuna wanaoukwaruza wenyewe na kugonga mihuri ya tai wa Kinazi kwenye Luger ya kawaida, bastola ya Kijerumani, ili bei ipande. Nimeshashika tatu za namna hiyo. Muhuri uliogongwa jana una kingo kali, unaukwaruza ukucha.

Hapa niliposimama kupumua, mzee mmoja wa Bukavu aliyekaa mstari wa mbele aliinua mkono. Naandika swali lake kama alivyolisema. "Baba, mimi sielewi. Unasema silaha zimeisha. Kwetu hazijaisha. Kwetu mtoto anaipata kwa mbuzi."

Ukumbi ulinyamaza, na nami nilinyamaza kwanza. Kisha nikamjibu hivi: Mzee wangu, umesema kweli, na chuma ni kile kile. Tokarev iliyoko kabatini kwangu na iliyoko msituni kwenu huenda zilitoka sanduku moja. Ila hapa mtu hanunui chuma. Ananunua karatasi: namba ya bastola inayolingana na namba ya mtutu, jina la mwagizaji lililochorwa ubavuni kama sheria inavyotaka, leseni, daftari la duka linaloonyesha imepita mikononi mwa nani. Ile ya msituni haina kitabu, kwa hiyo kwa mkusanyaji haina bei kabisa, na kwa aliyekufa kwayo bei yake haiandikiki. Mzee alitikisa kichwa. Sikuona kama alikubali. Aliniambia tu, "Eee, karatasi," akakaa.

Nimalizie na habari ya wiki tatu zilizopita. Mzigo ulifika. Zamani ungekuja na lori, na nyundo ya misumari. Safari hii ulikuja kwenye boksi la katoni, limefungwa gundi, nikalibeba kwa mkono mmoja. Ndani Makarov tatu za Bulgaria. Ya kwanza ilikuwa kamera halisi, ya pili ya kawaida, ya tatu mpini umepasuka na kutu imetafuna karibu na mdomo wa mtutu. Enzi zile ingetupwa kwenye ndoo. Nikaziweka mezani, nikatafuta kitambaa. Kabla sijafuta hata moja, bosi alikuwa ameshapiga simu mbili. Mteja wa kwanza alifika akiwa bado na aproni ya kazini, akachukua ile nzuri. Wa pili akachukua ya kati. Wa tatu alipofika nilimwonyesha ile yenye kutu, nikamwambia ukweli wake wote, mpaka ufa wa mpini. Akaishika kwa mikono miwili, grisi ikimchafua mikono ya shati, akaniuliza tu, "Ni kiasi gani?"